Kufundisha Historia kwa Vitu vya Maisha ya Kila Siku: Mwalimu na Makumbusho ya Jadi

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa historia ni nini, mara nyingi hutaja watawala, vita na tarehe. Ni nadra ataje jiwe ambalo bibi yake alisagia mtama, au jembe lililolima shamba la babu yake. Matokeo yake ni kwamba mtoto hukua akiamini kuwa historia ilitendeka mahali pengine na ilitendwa na watu wengine. Madhara ya imani hiyo si madogo, kwani anayedhani kwamba wazee wake hawakuwa na historia hatawauliza neno, nao watakufa na maarifa yao.

Makala haya yanaeleza jinsi mwalimu anavyoweza kutumia makumbusho ya jadi kuiondoa dhana hiyo. Jambo la msingi ni moja: kitu kilichowekwa katika makumbusho ni shahidi, na shahidi hasemi mpaka aulizwe.

Mahali pa kujifunzia

Tunayo makumbusho yanayohifadhi maisha ya watu wa kawaida. Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1966, kina nyumba zilizojengwa kwa mitindo ya makabila mbalimbali ya Tanzania, pamoja na vyombo vya nyumbani. Huko Bujora, karibu na Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini Mwanza, yako Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa mwaka 1968 kwa juhudi za Padre David Clement kutoka Kanada na wazee wa Kisukuma. Humo zimo ngoma za watemi, nyumba ya jadi, vyombo vya kazi na nyumba ya mhunzi pamoja na zana zake.

Ngoma za watemi huwavutia wageni kwanza, na ni haki yake. Hata hivyo, mwalimu asiwaruhusu wanafunzi waishie hapo. Mtemi alikuwa mmoja. Waliolima, waliosaga na waliofua chuma walikuwa wengi.

Mfano wa somo: jembe

Tuchukue kitu kimoja tu. Mwanafunzi akiliangalia jembe la zamani kwa makini, ataona kwamba bapa lake lina mkia mwembamba uliopenyezwa katika kichwa kinene cha mpini. Akilinganisha na jembe linalouzwa dukani leo, atagundua jambo ambalo hakuambiwa na mtu: katika jembe la zamani chuma huingia katika mti, lakini katika jembe la kiwandani mti huingia katika tundu la chuma. Hapo mwalimu aulize: kwa nini tofauti hii?

Swali hilo dogo hufungua somo kubwa. Katika karne ya 19, majembe mengi yaliyotumika Usukuma yalitoka kwa wahunzi Warongo wa Buzinza, kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria. Wao waliyeyusha mawe yenye chuma kwa moto wa makaa uliopulizwa kwa mivukuto, kisha wakakifua chuma hicho. Majembe hayo yalisafirishwa kwa miguu na kuuzwa hata Tabora. Jembe lilitumika pia kama fedha, na katika sehemu nyingi lilitolewa mahari. Baadaye, majembe ya viwandani yalipoletwa kutoka Ulaya kwa bei nafuu, kazi ya kuyeyusha chuma ilififia. Kwa hiyo, kutoka katika jembe moja mwanafunzi amejifunza ufundi, biashara, ndoa na athari za ukoloni kwa viwanda vya wenyeji.

Maandalizi

Mwalimu atangulie kwenda makumbusho peke yake kabla ya kuwapeleka wanafunzi. Achague vitu vitatu au vinne tu, na si kila kitu. Kisha awagawe wanafunzi katika vikundi vya watu watano au sita, kila kikundi kipewe kitu chake na maswali yafuatayo:

(a) Kimetengenezwa kwa nini, na malighafi hiyo ilipatikana wapi?
(b) Nani alikitengeneza, na nani alikitumia: mwanamume, mwanamke au mtoto?
(c) Kina alama gani za kutumika, kama vile kuchakaa, kuungua au kushonwa?
(d) Leo kazi yake inafanywa na nini, na nani amepata nafuu au hasara kwa mabadiliko hayo?

Siku ya ziara

Kosa la kawaida ni kuwapitisha watoto mbiombio huku wakinakili maelezo yaliyobandikwa ukutani. Mwanafunzi wa namna hiyo hurudi na daftari lililojaa na macho yasiyoona kitu. Achore kwanza, aulize pili, ndipo asome maelezo.

Tena mwalimu awatahadharishe kwamba makumbusho hayasemi yote. Nyumba ya maonyesho imefagiwa. Haina moshi, wala mifugo, wala mtoto aliaye. Vilevile vitu vilivyo pamoja chumbani huenda ni vya nyakati mbalimbali. Neno “zamani” lisikubaliwe darasani bila kuuliza: zamani ipi?

Baada ya ziara

Hapa ndipo somo hukamilika. Kila mwanafunzi ampelekee mzee wa nyumbani mchoro wake na kumwuliza habari zake. Maelezo ya mzee yakitofautiana na ya makumbusho, mwalimu asiharakishe kusema nani amekosea. Tofauti hiyo ijadiliwe, kwa maana kupima ushahidi ndiyo kazi yenyewe ya historia.

Shule zilizo mbali na makumbusho

Shule isiyo na nauli haina sababu ya kukata tamaa. Wanafunzi waazime vitu nyumbani na kutenga pembe ya maonyesho darasani: kibuyu, kata, mwiko, jiwe la kusagia. Pawe na daftari la kuandika jina la kitu, mwenyewe, matumizi yake na tarehe ya kurudishwa. Vitu vya matambiko visiombwe. Na kilichoazimwa kirudishwe kizima, kwani imani ya wazazi ikipotea haiazimwi tena.

Hitimisho

Mwalimu atajua kwamba somo limefaulu si kwa idadi ya majina yaliyokaririwa, bali pale mtoto atakapofika nyumbani, akalitazama jiwe lililosahauliwa nyuma ya jiko, na kumwuliza bibi yake: “Hili lilitoka wapi?”