Zamadamu: Maana na Mipaka ya Istilahi

Je, waliochora michoro ya miambani ya Kondoa, mkoani Dodoma, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, waitwe zamadamu? Jibu lategemea maana ya istilahi yenyewe.

Kimofolojia, zamadamu laweza kuchambuliwa kuwa ni mwambatano wa zama na Adamu, irabu mbili zikiungana kuwa moja. Adamu huyo ndiye tunayemkuta katika neno binadamu, yaani mwana wa Adamu. Linganisha na Zinjanthropus, jina ambalo Louis Leakey alilipa fuvu lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Zinj ni jina ambalo wanajiografia wa Kiarabu waliipa pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu ya pili ni neno la Kiyunani lenye maana ya mtu. Jina hilo lataja mahali. Zamadamu lataja wakati.

Hata hivyo, wakati pekee hautoshi. Fuvu hilo, lenye umri wa miaka ipatayo 1,750,000, wataalamu wengi sasa huliweka katika jenasi Paranthropus, tawi lililotoweka bila kutuzaa. Wachoraji wa Kondoa, kwa upande wao, ni wa kale, lakini ni binadamu kamili. Kuwaita zamadamu ni kuwanyima ubinadamu wao.

Kwa hiyo istilahi hii haina budi kufafanuliwa kwa nasaba: zamadamu ni kiumbe yeyote wa ukoo wa binadamu aliye nje ya spishi yetu, awe babu au ndugu wa babu.