Uhura ni Mtoto wa Nani? Baraza la Bondeni Lauliza

Mtu wa pwani akitajiwa Nakuru hukumbuka baridi ya alfajiri, kreta ya Menengai na ndege heroe wa ziwani. Ni wachache tukumbukao kwamba katika mji huo upo mtaa wa Bondeni, wenye Waislamu wa tangu zamani, misikiti yao, mabaraza yao na Kiswahili chao. Huko ndiko nilikoketi jioni moja ya mwaka 2025, baada ya sala ya alasiri, mbele ya kibanda cha fundi wa redio, nikinywa kahawa chungu ya mzee mmoja mwenye dele lake. Hapo nikasikia watu wakigombana juu ya posa.

Nikatega sikio. Aliyelaumiwa ni kijana mmoja ambaye wazazi wake walimposea mke tangu utotoni, kisha akaonekana akimwelekea muuguzi wa pale pale kazini. Mzee wa kahawa alikuwa amekasirika kweli kweli. "Ahadi ni deni," alisema. "Kama hamtaki binti wa watu, amrudishe kwao kwa heshima." Nami nikadhani ni habari ya jirani, na kwa udadisi wetu sisi waandishi nikauliza huyo bwana ni nani. Wakacheka wote.

"Ni Spock, mzee wangu," fundi akanijibu. "Hayuko Nakuru. Yuko angani."

POSA YA UTOTONI

Kwa msomaji asiyeijua, Star Trek ni hadithi ya televisheni ya Kimarekani iliyobuniwa na Gene Roddenberry. Ilianza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966, ikakoma mwaka 1969. Wasafiri wake wamo katika chombo kiitwacho Enterprise, chini ya Kapteni Kirk, katika karne ya 23. Msaidizi wake ni Spock, ambaye mama yake ni mtu wa dunia hii na baba yake ni wa sayari ya Vulcan, ambako watu hufuata akili tu na kuyafungia mambo ya moyo.

Mwaka 2022 ulitoka mfululizo mwingine, Star Trek: Strange New Worlds, usimuliao miaka iliyotangulia, wakati kapteni alikuwa Pike, na Spock angali kijana. Hadithi ya namna hii ni kitangulizi: hutungwa baadaye, lakini husimulia ya mwanzo. Na hapo ndipo ulipo mtego wake. Mtunzi hana ruhusa ya kwenda atakako, kwa kuwa watazamaji wamekwisha kuujua mwisho kwa zaidi ya nusu karne. Hata Kapteni Pike mwenyewe amekwisha kuoneshwa atakavyoishia: ataumia vibaya na kubaki kitini, asiweze kutamka neno. Hayo yalionyeshwa tangu mwaka 1966. Mzee wa kahawa aliposikia hivyo alisema elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Kisha akawaambia waendelee na hadithi.

Mashtaka ya fundi yalikuwa haya. Katika sehemu moja ya mwaka 1967, sura ya mwanamke aitwaye T'Pring ilitokea kwenye kioo cha chombo, na Spock akakiri kuwa ni mkewe wa ahadi ya utotoni. Wenziwe walishangaa, maana hawakuwa na habari. Miongoni mwao alikuwamo muuguzi Christine Chapel. Lakini katika kitangulizi cha mwaka 2022, T'Pring amekwisha kufika chomboni, na Chapel anamjua vizuri. Si hivyo tu: mwaka 2023 Chapel na Spock walikuwa wapenzi. Basi vipi miaka michache baadaye Chapel ashtuke kana kwamba jina hilo hajapata kulisikia?

"Hadithi imekatika," fundi akahukumu. "Anayesimulia leo hakumsikiliza aliyesimulia jana."

Mlangoni alisimama mpwawe, binti mwanafunzi wa mambo ya mawasiliano, aliyekuja likizoni. Alikuwa amekwisha kumwamkia mzee na kumpokea vikombe vitupu. "Mjomba," akasema kwa adabu, "mtu aliyeachwa hashangai kwa kutojua. Hushangaa kwa kuumia." Akaeleza kwamba mwaka 1966 Chapel alikwisha kumwambia Spock anampenda, na Spock hakuwa na la kumpa. Watazamaji wa zamani waliuona upendo ule kuwa wa bure, usio na asili. Sasa kitangulizi kimeupa asili: walipendana, wakaachana, jeraha likabaki. Na Dakta Korby, ambaye mwaka 1966 alitajwa kuwa mchumba wa Chapel, ameletwa kwenye kitangulizi katika msimu wa mwaka 2025. Maji, kwa maneno ya binti yule, yanarudi mkondoni.

LIYONGO NA SINDANO YA SHABA

Niliwasikiliza nikakumbuka kwetu. Sisi watu wa pwani tuna shujaa wetu Fumo Liyongo. Edward Steere alichapisha hadithi yake mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu akaitungia utenzi. Wasimulizi hawakubaliani katika kila jambo. Lakini hakuna aliyethubutu kubadili kwamba Liyongo hafi kwa chuma wala mkuki, hufa kwa shaba kitovuni, na mkono uliomchoma ni wa mwanawe mwenyewe. Msimulizi akituambia habari za utoto wa Liyongo, tutamsikiliza usiku kucha. Akituambia hakufa, tutainuka na kwenda kulala.

Hii ndiyo maana ya ugomvi ule wa Bondeni. Wapo wanaodhani vijana hawa wanapoteza wakati kwa mambo yasiyokuwako. Mimi naona wanalinda kitu. Hadithi iliyokwisha kusimuliwa ni ahadi baina ya msimulizi na msikilizaji. Kuiongezea mwanzo si kosa. Kosa ni kuivunja. Ndiyo sababu mzee aliyekasirikia posa na fundi aliyekasirikia mfuatano wa hadithi walikuwa, bila ya wao kujua, wakilalamikia jambo moja.

MWENYE JINA LETU

"Nyote mmeshughulika na posa ya Spock," binti akasema. "Mbona yule mwenye jina letu hamumtaji?"

Alikuwa akimkusudia Uhura, ofisa wa mawasiliano wa chombo kile, ambaye mwaka 1966 alichezwa na Nichelle Nichols, mwanamke Mmarekani mweusi. Nichols alieleza kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa na kitabu cha Robert Ruark juu ya Kenya, kiitwacho Uhuru, na kwamba jina lilitoka hapo, likapewa "a" mwishoni kwa kulainishwa. Mswahili hatalikuta katika kamusi yake, lakini ataijua asili yake mara moja. Hata lugha ilikuwemo. Katika sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa, Uhura alizungumzishwa Kiswahili. Na mwaka 1967, alipofutwa kumbukumbu zote ikabidi afundishwe upya, Kiswahili ndicho kilichomtoka alipokasirika.

Hata hivyo katika miaka ile mitatu hakupewa jina la kwanza, wala wazazi, wala mji. Mwaka 1968 alipigwa busu na Kapteni Kirk, jambo lililozungumzwa Marekani kote kwa sababu ya rangi zao. Lakini katika hadithi wote wawili walikuwa wamelazimishwa na nguvu za watu wengine. Nichols mwenyewe alitaka kuacha kazi ile, akashawishiwa na Martin Luther King abaki, kwa kuwa watu weusi walikuwa wakijiona ndani yake. Alifariki Julai 2022, miezi michache tu baada ya kitangulizi kuanza.

Ndipo ikaja senema ya mwaka 2009, iliyoonyesha ujana wa kina Kirk. Humo Kirk anahangaika kulijua jina la kwanza la Uhura, anyimwe, kisha asikie Spock akimwita kwa upole: Nyota. Kumbe wawili wale ni wapenzi. Wapenzi wa Star Trek wakagawanyika papo hapo.

Fundi ni wa upande wa wapingaji. Alisema penzi lile halikuwamo katika masimulizi ya awali, na tena lilimshusha ofisa hodari akawa mpenzi wa bwana fulani. Binti alimjibu kwa ushahidi. Mwaka 1966 Uhura alimtania Spock amsimulie jioni ya kwao mwezi unapokuwa mpevu, naye Spock akamjibu kikavu kwamba Vulcan haina mwezi. Katika sehemu nyingine ya mwaka ule ule aliimba huku Spock akimpigia kinanda chake cha nyuzi. Na isitoshe, senema ile yenyewe inasema kwamba historia iliingiliwa ikachepuka, basi ya huku hayaharibu ya kule.

Hapo fundi akacheka, akasema mwezi ule una kesi yake. Katika senema ya mwaka 1979 anga la Vulcan lilionekana na miili mikubwa kama miezi, na mashabiki wakapiga kelele kwa sababu ya jibu lile la Spock. Mwaka 2001 senema iliporekebishwa, ikaondolewa. Nikawaza: hivi ndivyo neno moja la mzaha linavyoweza kumfunga msimulizi kwa miaka thelathini na mitano.

"Lakini wewe, mwanangu," mzee wa kahawa akamwuliza binti, "ulitaka aolewe au asiolewe?"

Binti akanyamaza kidogo. Alisema anawaelewa kina mama weusi wa Marekani waliofurahi mwaka 2009, kwa kuwa walizoea kuwaona wenzao katika televisheni wakitumika, hawapendwi. Anamwelewa pia mjomba wake. "Ila mimi, babu, nilitaka kwanza kujua kwao."

DENI LILILOLIPWA

Na hilo ndilo kitangulizi cha mwaka 2022 kilichofanya. Uhura, akichezwa na Celia Rose Gooding, ni mwanafunzi kutoka Kenya. Wazazi wake walikuwa walimu wa chuo kikuu Nairobi, wakafa pamoja na kaka yake katika ajali ya chombo. Yeye akaingia kazini akiwa na msiba moyoni na lugha 37 kinywani. Haya hayakuwamo mwaka 1966. Je, yamevunja hadithi ya kwanza? Baraza zima, hata fundi, lilikubali kwamba hayakuivunja. Yaliyoongezwa yalikuwa mahali patupu, na mahali patupu pale palikuwa deni.

Nami niliona hayo si ya mbali. Ukishuka kutoka Nakuru kuelekea Nairobi, ukapita Gilgil na Naivasha, utauona mlima Longonot. Chini yake mwaka 1970 kilifunguliwa kituo cha kupokea na kupeleka mawasiliano kwa njia ya setilaiti. Mwaka huo huo, tarehe 12 Desemba, kutoka kituo cha San Marco baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa kuwa siku ile ilikuwa ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, wakaipa jina Uhuru. Basi neno letu lilikwenda angani mara mbili: mara ya kwanza katika hadithi, mara ya pili kwa hakika, tena likipaa kutoka bahari yetu wenyewe. Binti yule wa Bondeni anasomea kazi ile ile ya Uhura. Akiuliza Uhura ni mtoto wa nani, haulizi habari za Marekani.

Jua lilikuwa linakuchwa. Mzee wa kahawa akaanza kukusanya vikombe vyake, lakini posa ilikuwa ingali ikimkera. Akauliza yule T'Pring aliishia wapi.

Binti akamwambia: mwaka 1967, siku ya kutimiza ndoa, T'Pring alimkataa Spock mbele ya watu, akamchagua mwingine. Watazamaji wa wakati ule walimwona mwanamke mjanja asiye na moyo. Lakini aliyekwisha kukitazama kitangulizi, akaona jinsi alivyosubirishwa na kufichwa mambo, hamlaumu tena hivyo.

Mzee akatia vikombe ndooni. "Basi huyo msimulizi wa leo," akasema, "hakuikata hadithi. Amemtetea binti wa watu."

Adhana ya magharibi ikasikika. Tukainuka, fundi akafunga kibanda.