Saa, Taa na Majirani wa Mzee Msahaulifu

Katika maradhi ambayo matabibu huyaita demenshia, na ambayo kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani yalikuwa yamewapata watu milioni 57 ulimwenguni mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 yao wakiwa wakazi wa nchi za kipato cha chini na cha kati, kumbukumbu haiondoki yote kwa mkupuo mmoja. Yaliyoingia jana aghlabu ndiyo yatokayo kwanza. Yaliyoingia utotoni, pamoja na ada ambazo mikono na miguu ilizizoea tangu ujana, hubakia hata wakati ambapo jina la mjukuu limekwisha toweka. Kwa hiyo fundi atakaye kubuni chombo cha kumsaidia mgonjwa nyumbani kwake asitarajie kumfundisha mzee mazoea ya chombo. Chombo ndicho kitakachofuata mazoea ya mzee.

Tazama saa. Ulaya na Marekani huuzwa saa kubwa za ukutani zinazomwonyesha mgonjwa siku na wakati kwa tarakimu na maandishi makubwa. Saa hiyo ikitundikwa katika nyumba ya mtaa wa Shela, Malindi, itaandika 9 asubuhi, wakati ambao mzee tangu utotoni mwake ameujua kuwa ni saa tatu. Mwenye akili timamu hufanya hesabu hiyo bila hata kujihisi anaifanya. Mgonjwa huiona 9, akasadiki kuwa ni saa tisa, akainuka kutawadha kwa sala ya alasiri ilhali vikombe vya chai ya asubuhi havijaondolewa. Chombo kilichonunuliwa kumwongoza ndicho kimempoteza. Saa ya huku sharti ihesabu kama watu wa huku wahesabuvyo, na ukipenda, karibu na msikiti huhitaji saa kabisa, kwa kuwa adhana yenyewe imemgawia mzee siku yake tangu azaliwe.

Sauti nayo ina mambo yake. Mgonjwa aliyejua lugha mbili mara nyingi hurejea kwenye ile aliyoipata kwa mamaye, na mzee wa Kaloleni aliyefanya kazi Mombasa maisha yake yote akisema Kiswahili fasaha, huenda leo asijibu illa kwa Kigiriama. Kikumbusho cha dawa kilichorekodiwa kwa Kiingereza, au hata kwa Kiswahili cha mtangazaji, kwake ni kelele. Sauti na iwe ya mtu amjuaye. Hata hivyo, sauti itokayo ukutani usiku bila mwenyewe kuonekana, katika nchi ambayo habari za majini na pepo si hadithi za watoto, yaweza kumtia khofu badala ya kumsaidia. Mimi ningekataza vikumbusho vyote vya sauti baada ya isha.

Chombo nikipendacho kuliko vyote ni taa, pengine kwa kuwa haina maneno. Katika nyumba nyingi za Kilifi choo kiko nje uani, na safari hiyo fupi ya usiku ndimo mzee huangukia au hupotelea. Taa ndogo za sola zapatikana madukani, lakini zisitundikwe ovyo: ya mlango wa choo iwake usiku kucha kwa mwanga wa upole kama wa kandili, na upande wa lango la nje ubaki gizani, usije ukamwita. Taa kali inayowaka ghafla humshitua na kutupa vivuli. Na kwa kuwa ubongo wake hautambui vema kile jicho lionacho, mkeka mweusi kizingitini huweza kumwonekea shimo, na sakafu ing'aayo ikamwonekea maji. Akigoma kuvuka, usimvute, ondoa mkeka. Kioo nacho, ikiwa mzee humwona mgeni ndani yake, kifunikwe kwa leso.

Limebaki lililo zito. Mgonjwa hutoka akazurura, aghlabu jua lituapo, akitafuta nyumba aliyokulia ambayo pengine ilibomoka zamani. Uholanzi, katika mji wa Weesp, kilifunguliwa mwaka 2009 kijiji kizima, De Hogeweyk, ambamo wagonjwa hutembea watakavyo kwa kuwa kimezungushiwa majengo pande zote. Huku Kilifi kuzurura kuna hatari nyingine: wako wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na kwa wengine ushahidi haukuwa illa mvi. Huko Ganze hifadhi ya Kaya Godoma huwapa makao waliozikimbia tuhuma hizo. Mzee akutwaye usiku wa manane katika ua wa watu, hana nguo, wala hawezi kueleza alikotoka, yumo katika hatari isiyokuwamo katika hesabu za Weesp. Hapa jirani naye ni mtumiaji wa chombo.

Kidude cha kuonyesha alipo mtu, ambacho kwingine huvaliwa shingoni, kikining'inia kifuani mwa kikongwe chaweza kudhaniwa hirizi na kuzidisha shuku. Afadhali kishonwe ndani ya kofia au katika pindo la leso. Kengele ya mlango naiona bora kuliko kufuli, kwani kufuli humfungia mzee ndani hata moto ukishika makuti, tena humvunjia hadhi. Aulizwe mapema, angali aweza kujibu, kama yu radhi kufuatwa hivyo.

Na habari ya kengele iende wapi? Programu nyingi huipeleka kwa mtoto aliyelipa, ambaye huenda yuko Mombasa au Doha, na kutoka Doha hakuna awezaye kumshika mzee mkono. Iende kwa majirani wawili watatu, kwa ujumbe mfupi usiohitaji intaneti, katika simu zao za kawaida, na maneno yake yaafikiwe kabla na mzee wa mtaa: kwamba fulani ametoka, ana maradhi ya kusahau, asikemewe, na akisema anakwenda kwao aambiwe, "Haya, twende pamoja."