Nyonga ya Bandia na Daftari Lake

Mtu aliyeteseka miaka mingi kwa maumivu ya nyonga, hata kupanda ngazi kukawa adhabu na kusujudu hawezi, anapoambiwa kuwa kiungo chake kitaondolewa na kutiwa cha bandia, huuliza swali moja: kitadumu muda gani? Ni swali la haki, na jawabu lake halimhusu daktari peke yake.

Katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, daktari mpasuaji John Charnley aliwahi kuwatia wagonjwa wake vikombe vya nyonga vya Tefloni. Waliondoka wakitembea bila ya maumivu, na furaha ikawa kubwa. Haikupita miaka mingi vikombe vile vikalika, na wengi ikabidi wapasuliwe tena. Mwaka 1962 alishika plastiki nyingine, polithini iliyo imara zaidi. Kichwa kidogo cha chuma kikazunguka ndani ya kikombe cha plastiki hiyo, na vyote viwili vikashikizwa mfupani kwa saruji ya akriliki. Saruji hiyo si gundi. Hufanya kazi ya chokaa ya mwashi, ijazayo nafasi baina ya jiwe na jiwe ili uzito ugawanyike.

Charnley alikuwa amejifunza kuwa furaha ya mwaka wa kwanza si ushahidi. Aliwafuatilia wagonjwa wake miaka na miaka, hata akawaomba waridhie viungo vyao vichunguzwe baada ya kufa kwao.

Kwa subira ya namna hiyo ndipo jawabu lilipopatikana. Katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, nyonga 2,000 za aina ya Charnley zilizotiwa baina ya mwaka 1969 na 1971 zilifuatiliwa kwa robo karne. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa kiasi cha 81 katika kila 100 hufika miaka 25 bila ya kuondolewa wala kubadilishwa. Lakini vijana hawakupata bahati sawa na wazee: kadiri mtu anavyokwenda na kufanya kazi zaidi, ndivyo plastiki inavyolika, na vumbi lake huudhoofisha mfupa mpaka kiungo kikalegea.

Hapana hata moja katika hayo lingalijulikana bila ya kumbukumbu. Sweden ilifungua daftari la taifa la nyonga mwaka 1979. Wala hii si anasa ya matajiri, kwani Malawi ilifungua daftari lake la viungo bandia mwaka 2005.

Sisi wa visiwani tuna sababu zaidi ya kulizingatia jambo hili. Mgonjwa avukaye bahari kwenda kupasuliwa hurudi na kiungo kipya, lakini majalada yake yaweza kubaki ng'ambo. Akianza kuchechemea baada ya miaka 15, ni nani atakayejua alitiwa kiungo gani, lini, na kwa saruji au bila ya saruji?

Kwa hiyo twawasihi wananchi: ombeni karatasi ya upasuaji, itunzeni kama hati ya shamba, na rudini kupigwa picha hata kama hakuna maumivu, kwani kiungo huweza kulegea kimya kimya. Na kwa wakuu wa afya twasema: daftari ni kitu rahisi kuliko upasuaji wa pili. Anayemtia mwananchi kiungo cha miaka 25 hana budi kumkumbuka kwa miaka 25.