Nusu ya Siku Ipi? Tatizo la Maana katika Hojaji za Sonona Rungwe Mpya

Istilahi sonona imekwisha kuzoeleka katika maandishi ya afya ya Kiswahili, ingawa wazungumzaji wengi wanaifahamu zaidi kupitia kitenzi sononeka, yaani kuumia moyoni. Mtu anaweza kusononeka kwa kufiwa bila kuwa mgonjwa. Makala hii inaeleza ugumu unaompata mtafiti anapouchunguza ugonjwa huu kwa hojaji iliyotungwa katika utamaduni mwingine, na mfano wake ni Kata ya Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, ambako Kiha ndiyo lugha ya nyumbani na Kiswahili ni lugha ya shule, zahanati na ofisi.

Mwaka 1977 Arthur Kleinman alionya juu ya kosa la kuchukua kategoria ya ugonjwa iliyoundwa katika jamii moja, kuipeleka kwingine, kisha kuhesabu kupatikana kwa dalili zake kuwa ushahidi kwamba kategoria hiyo ipo huko. Utafiti wa Paul Bolton nchini Rwanda, uliochapishwa mwaka 2001, unaonyesha uzito wa onyo hilo. Wahojiwa walizitaja dalili zote za sonona, lakini hawakuziweka pamoja: baadhi waliziweka katika guhahamuka, pamoja na dalili za kiwewe, na nyingine katika agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi. Kwa kuwa Kiha na Kinyarwanda ni lugha za kundi moja, mtafiti anaweza kushawishika kuyahamishia maneno hayo Kasulu. Asifanye hivyo. Udugu wa lugha hauthibitishi kwamba wazungumzaji wake wanaigawanya huzuni kwa namna moja.

Hata hivyo, tatizo linalonishughulisha zaidi ni dogo kwa umbo, nalo ni la kisarufi. Hojaji ya PHQ-9 ina maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita. Kila swali hupewa alama 0 hadi 3, na jumla ya 10 hutumiwa mara nyingi kuwa kizingiti cha kumchunguza mtu zaidi. Jibu la alama 1 ni “siku kadhaa”. La alama 2, likitafsiriwa neno kwa neno, huwa “zaidi ya nusu ya siku”. Nomino siku haibadiliki katika umoja na wingi. Kwa hiyo kirai hicho kina maana mbili: sehemu kubwa ya siku moja, au nyingi kati ya siku zile kumi na nne. Tuchukulie mama aliyelemewa kwa siku tisa, kila jioni kwa saa mbili. Akisikia maana ya kwanza atalikataa jibu hilo na kuchagua “siku kadhaa”. Likitokea hivyo katika maswali matano, alama zake 10 zinakuwa 5, naye anarudishwa nyumbani. Kivumishi kimoja tu, “zaidi ya nusu ya siku hizo”, kingeuondoa utata kwa upatanisho wa ngeli.

Tafsiri rejeshi, ambayo kamati za utafiti huitegemea mno, hailigundui kosa hili kwa urahisi. Mfasiri anayeijua hojaji asilia hurejesha wingi bila kusita, kwa sababu tayari anajua kilichokusudiwa.

Kuna pia yale yasiyoulizwa. Mtu anaposema “nina mawazo”, hana maana kwamba amebuni jambo, mawazo yamemzidi. Vikram Patel na wenzake walipoandaa hojaji ya Kishona yenye maswali 14 nchini Zimbabwe, walianza na lugha ya wagonjwa wenyewe, ambao huita hali hiyo kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. PHQ-9 haina swali la namna hiyo.

Swali la tisa, linalohusu kutamani kufa au kujidhuru, lina ugumu wa aina nyingine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mhojiwa anayeulizwa jambo hilo kwa Kiswahili, lugha ileile ya ofisi, na mgeni aliyeshika kalamu, ana sababu ya kujibu “hapana”. Kabla ya kukusanya data yoyote, mtafiti amwombe mhojiwa alieleze kila swali kwa Kiha, kwa maneno yake mwenyewe, na maelezo hayo yaandikwe kama yalivyo.