Siri ya "Tena!": Kwa nini watoto hupenda bembea, kona na mawimbi

Msukume mtoto kwenye bembea iliyofungwa kwenye tawi la mwembe, naye atakuambia neno moja tu: "Tena!" Mpakie kwenye gari linaloteremka kutoka Mbinga kwenda ziwani, atacheka kila kona. Mpeleke kwenye mtumbwi, atataka kukaa mbele kabisa, pale panaporuka zaidi. Wazazi wengi wa Ngumbo na vijiji vingine vya kando ya Ziwa Nyasa huona huo ni utundu tu. Lakini katika safari zote tatu mtoto anatafuta kitu kimoja: anataka kuhisi uzito wa mwili wake ukibadilika.

Kitu hicho hicho watu wazima hukilipia katika nchi za nje. Kuna viwanja vya starehe vyenye treni za michezo, ambazo nyingi hupandishwa juu ya reli kama mlima kisha huachiwa ziteremke. Treni mojawapo iko Abu Dhabi. Ilianza kazi mwaka 2010, na mwendo wake hufika kilomita 240 kwa saa.

Hata hivyo, mbio si ndiyo raha yenyewe. Abiria wa ndege huenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa huku chai yake imetulia kikombeni. Na mwaka 1884, LaMarcus Thompson alipofungua treni yake ya michezo ufukweni Coney Island, New York, mwendo wake ulikuwa kama kilomita 10 tu kwa saa, sawa na baiskeli inayokwenda polepole. Watu walipanga foleni. Mwili hauhisi mwendo ulio sawasawa. Unahisi mwendo unapoongezeka, unapopungua au unapopinda.

Mambo matatu ambayo mwili huyahisi

La kwanza, na ndilo linalopendwa zaidi, ni wepesi. Gari likivuka tuta na kuanza kushuka ghafla, kiti hukukimbia kidogo. Utumbo na tumbo, ambavyo kwa kawaida huning'inia kwa uzito wake, kwa nukta hiyo havivutwi chini. Ndiyo maana mtu husema "tumbo limebaki juu".

La pili ni uzito. Bembea inapopita chini kabisa, mtoto hukandamizwa kwenye kiti kana kwamba amebebeshwa mzigo.

La tatu ni kusukumwa kando. Gari likikata kona, mwili wako bado unataka kwenda moja kwa moja, hivyo unalemea upande wa nje.

Ndani ya sikio kuna chembe ndogo mno, kama mchanga, zinazolala juu ya vinywele. Mwendo ukibadilika, chembe hizo husogea na ubongo hupata habari. Ubongo ukishtuka kisha ukagundua kwamba hakuna hatari, mshtuko hugeuka kicheko. Raha yote imesimama hapo: mwili umeshikwa vizuri, na hofu ni ya muda mfupi.

Mambo hayo yakipita kiasi, huumiza. Mwaka 1895, hapo hapo Coney Island, ilijengwa treni iliyozunguka kichwa chini miguu juu kwenye reli ya duara kamili. Wakati wa kuingia kwenye duara uzito uliongezeka ghafla mno, na abiria walilalamika maumivu ya shingo. Ilichukua muda mrefu hadi tatizo hilo lipatiwe dawa. Mwaka 1976, huko California, ilifunguliwa treni ambayo reli yake ilizunguka kwa umbo la tone la maji badala ya duara. Uzito ukaongezeka taratibu, na shingo zikasalimika.

Bembea na kamba yake

Hapa nyumbani hakuna mhandisi anayepima bembea. Kazi hiyo ni ya mzazi, na hesabu yake si ngumu. Mtoto wa kilo 20 akikaa tu, kamba hubeba kilo 20. Akibembea hadi nusu ya kimo cha tawi, kila anapopita chini kamba hubeba kama kilo 40. Akifika juu hadi kamba ilale usawa wa tawi, hubeba kama kilo 60.

Kwa hiyo kamba inayoonekana nzima mtoto akiwa ametulia inaweza kukatika katikati ya mchezo, tena pale anapokwenda kasi zaidi. Kabla ya watoto, akae mtu mzima wa kilo 60 au zaidi, abembee kidogo. Tawi likilia au kamba ikichanika nyuzi, fungua ufunge nyingine. Wakipanda watoto wawili pamoja, mzigo wote huongezeka mara mbili. Ondoa mawe chini ya bembea, na wanaosubiri zamu wasimame pembeni, si mbele wala nyuma.

Kona za kuteremka ziwani

Mbinga mjini ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Mteremko huo wote unamalizwa katika barabara ya kilomita 66 hadi Mbamba Bay. Lami imerahisisha safari, lakini pia imeongeza mwendo.

Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kukusukuma kando kwenye kona huzidi mara nne. Chukua kona kali, na mtu wa kilo 50. Kwa kilomita 20 kwa saa anasukumwa kando kwa nguvu ya kama kilo 5. Kwa kilomita 40 nguvu hiyo hufika kama kilo 20. Aliyefunga mkanda ataicheka. Aliyekaa juu ya magunia ya kahawa hana kinachomzuia, na mtoto aliyepakatwa kwenye pikipiki anategemea mikono ya mtu ambaye naye anasukumwa.

Mtumbwini

Mbele ya mtumbwi hupanda na kushuka kuliko katikati, ndiyo maana watoto hupapenda. Lakini mtoto akihisi wepesi wimbi linaposhuka, hapo ndipo anapokuwa rahisi kurushwa nje. Akisimama, mtumbwi nao huwa mwepesi wa kupinduka. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki, ambao upande wa Malawi huitwa mwera, hupiga kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa. Mtoto akae chini, katikati, avae jaketi la kuokolea. Hata hapo mawimbi atayahisi, na kichefuchefu kitapungua.

Likizo zikifika, maombi ya "Tena!" yatakuwa mengi. Hakuna haja ya kuyakataa yote. Bembea iliyopimwa na mtu mzima humpa mtoto wepesi na uzito ule ule anaoutafuta kwenye kona na mawimbi, naye anaweza kurudia mara hamsini hadi giza liingie.