Sikio linalopiga kama moyo: mvumo usiofaa kupuuzwa

Wapo watu wanaosikia kelele sikioni ambazo hakuna mwengine anayezisikia. Wengi wao husikia mlio kama wa filimbi au wa nyenje, unaoendelea bila kukatika. Mara nyingi sababu huwa ni umri, au miaka mingi ya kufanya kazi penye makelele.

Lakini lipo kundi dogo linalosikia kitu chengine: fuu, fuu, fuu, kama mtu anapuliza moto, na kila mpulizo unakwenda sawasawa na mapigo ya moyo. Ukipanda ngazi unakwenda mbio, ukikaa kitako unapungua. Usiku, AC ikizimwa na nyumba ikatulia, ndo unazidi, hata usingizi haupatikani.

Kwa Kiarabu cha madaktari unaitwa tanin nabidh, yaani mvumo unaopiga. Jina hilo lishike, kwa sababu tofauti baina yake na mlio wa kawaida ni kubwa. Mlio wa kawaida aghalabu hauna chanzo cha kuondoa, na matibabu ni kumsaidia mtu aishi nao. Mvumo wa mapigo mara nyingi una chanzo kinachoonekana kwa vipimo, na baadhi ya vyanzo hivyo vinatibika kabisa. Kwa hivyo bibi akiambiwa "zoea tu, ni uzee" kabla hajapimwa, ameambiwa mapema mno.

Kwa nini mtu asikie damu yake

Sikio la ndani limekaa ndani ya mfupa, na mishipa mikubwa ya damu inapita jirani yake kabisa. Mbele yake inapita ateri inayopeleka damu ubongoni, nyuma yake vena kubwa inayoirudisha. Baina ya mishipa hiyo na sikio kuna ukuta wa mfupa mwembamba.

Chukua mfano wa falaji. Maji yakipita kwenye mfereji mpana uliosawazishwa, husikii kitu. Mfereji ukibana, au maji yakiongezeka kasi, yanaanza kuvuma. Damu nayo ni hivyo hivyo. Mshipa ukiwa umebana, umepinda au una kifuko pembeni, damu inazunguka na kutoa sauti, na sikio liko hapo hapo linasikiliza.

Mara nyengine mshipa wenyewe hauna kasoro, ila damu ya mwili mzima inakwenda kasi kupita kawaida. Hayo hutokea kwa mwenye upungufu wa damu, mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na mama mjamzito. Kipimo chepesi cha damu kinatosha kuonesha mawili ya mwanzo, na upungufu wa damu ukitibiwa mvumo unaweza kuondoka wenyewe.

Na mara nyengine tatizo ni sikio. Ziba masikio kwa vidole, utasikia mwili wako ukivuma. Mtu aliyezibwa na nta, au mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio, yuko katika hali hiyo kutwa nzima.

Kina mama, angalieni macho pia

Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, khasa walioongezeka uzito, kuna sababu moja ambayo familia lazima izijue dalili zake. Ni kuzidi kwa presha ya maji yanayozunguka ubongo. Presha hii siyo ile inayopimwa mkononi. Mtu anaweza kupimwa mkono akakutwa mzima. Wagonjwa wengi wa hali hii huwa na vena kubwa iliyobana nyuma ya sikio, na hapo ndipo mvumo unapotoka.

Dalili zinazofuatana nao ni kichwa kuuma, macho kuingia giza kwa sekunde chache unapoinama au kusimama, na wakati mwengine kuona vitu viwili viwili. Khatari yake ni macho: neva ya jicho inavimba, na ikiachwa mtu anaweza kupoteza uoni moja kwa moja. Vitamini A kwa wingi na baadhi ya dawa za chunusi zinahusishwa na hali hii, basi mwambie daktari kila unachokunywa.

Matibabu yapo. Kupunguza uzito kunasaidia sana, kuna vidonge vya kupunguza maji hayo, na kwa baadhi ya wagonjwa madaktari huweka kibomba cha waya ndani ya vena iliyobana. Lakini kwanza daktari wa macho aangalie nyuma ya jicho.

Upande wa ateri

Kwa wazee wetu wenye sukari, presha, lehemu, au waliovuta sigara miaka mingi, mvumo unaweza kutoka kwenye ateri ya shingo iliyojaa mafuta ikabana. Hapo sikio linatoa taarifa kuhusu ubongo, kwa sababu ateri hiyo ikiziba au ikirusha donge la damu, matokeo ni kiharusi.

Kuna pia ateri na vena kuungana pasipotakiwa katika ngozi inayofunika ubongo. Damu ya ateri, yenye nguvu, inaingia moja kwa moja kwenye vena. Baadhi ya maungano hayo hayana madhara makubwa, mengine yanaweza kupasuka na kuvuja damu ubongoni. Daktari huyaziba kwa kupitisha mrija mwembamba kutoka mguuni au mkononi, bila ya kupasua kichwa.

Mwisho, kuna uvimbe mdogo uliojaa mishipa ya damu ambao huota nyuma ya ngoma ya sikio. Unakua polepole na hupunguza usikivu wa sikio hilo. Daktari akiangalia anaweza kuuona kama kitone chekundu.

Usikivu ukipotea ghafla

Sikio la ndani linalishwa na ateri moja nyembamba sana, na haina njia ya akiba. Damu ikikatika hapo, chembe za kusikia hazistahamili muda mrefu.

Mtu akiamka asubuhi sikio moja halisikii, wengi husema "limeziba tu, litafunguka", wakasubiri wiki tatu. Msisubiri. Mara nyingi sababu khasa haijulikani, lakini dawa za steroidi husaidia zaidi zikianzwa mapema, nazo zinatakiwa zianze ndani ya wiki 2 za mwanzo. Nenda siku hiyo hiyo, au kesho yake.

Ikiwa usikivu umepotea pamoja na kizunguzungu kikali, uso kupinda, ulimi kuwa mzito, au kushindwa kutembea sawa, hicho huenda ni kiharusi. Vile vile mvumo uliokuja ghafla pamoja na maumivu makali ya shingo na kope moja kushuka: ateri ya shingo inaweza kuwa imechanika ndani. Piga simu ya dharura: 9999 Oman, 998 Imarati, 999 Uingereza.

Familia zenye selimundu wazidishe uangalifu. Maradhi hayo yanajulikana vizuri Oman na pwani ya Afrika Mashariki, na seli zilizopinda zinaweza kuziba hata mishipa midogo ya sikio. Mtoto mwenye selimundu apimwe usikivu, asisubiri mwalimu aseme "hasikilizi darasani".

Kabla ya kwenda kwa daktari

Shika mapigo ya mkono huku ukisikiliza mvumo. Vinakwenda pamoja? Ni sikio moja au yote mawili? Ukigeuza kichwa upande unanyamaza? Mvumo unaonyamaza hivyo mara nyingi unatoka kwenye vena. Usijibonyeze shingo kwa nguvu, khasa mzee. Kazi hiyo muachie daktari.

Andika majibu. Kisha usiseme tu "nina kelele sikioni". Sema "nasikia mapigo ya moyo wangu sikioni". Neno hilo moja linabadilisha vipimo utakavyofanyiwa: presha, damu, usikivu, macho, kusikiliza shingo kwa kifaa, na baadaye picha za MRI au CT zinazoonesha mishipa ya damu. Picha ya kichwa ya kawaida inaweza kutoka "safi" ilhali mishipa haikuangaliwa, kwa hivyo uliza kama mishipa nayo imepigwa.

Na mafuta ya habbat sauda? Kwenye chakula hayana neno, ila msimtie mtu sikioni kabla ngoma haijaangaliwa, maana huenda imetoboka. Hijama nayo isifanywe shingoni kwa mtu ambaye chanzo cha mvumo wake hakijajulikana, khasa anayetumia dawa za kulainisha damu. Dua iendelee, na miadi ya daktari wa masikio ichukuliwe wiki hii.